Nyasi za Heshima

Lawama ni yangu, na mtu asiniambie vinginevyo. Mimi ndiye niliyewapeleka wale Wazungu kwa mama yangu, kijijini Kagoma.

Walisema wanatengeneza filamu ya wakulima wa kahawa, wanatafuta wa kuwatafsiria. Mimi ni mwalimu, Kiingereza ninacho, na kiherehere ninacho pia. Nikampigia mama: jiandae, unapata wageni wa mbali. Basi akajiandaa Kihaya hasa. Akatoa makochi yote sebuleni, akayarundika chumba cha nyuma, akakata nyasi mbichi na kuzitandika sakafu nzima, kama alivyofundishwa na mama mkwe wake kumpokea mtu mkubwa. Tukavua viatu, tukaketi chini, akapitisha kahawa ya kutafuna. Sikuwaeleza wageni zile nyasi ni za nini. Jamani, ningewazaje kwamba yuko mtu anayetandikiwa hivyo asijue kuwa ameheshimiwa?

Miezi ikapita, filamu ikatokea mtandaoni. Kahawa hakuna. Kuna kinanda cha msiba, kuna miguu mitupu ya mama yangu kwenye nyasi, na sauti ya mwanamume inayosema kwa huzuni kwamba huku Afrika familia nzima bado hulala juu ya majani kama mifugo. Nyumba ya matofali na bati hawakuionyesha hata kona. Niliwaandikia mara nne. Hawakunijibu hata neno.

Binti yangu anasoma bweni Bukoba mjini. Likizo ilipoanza, akiwa kwangu Kibeta, wenzake wakamtumia ile filamu. Akaja nayo jikoni. "Mama, kwa nini sisi tuko hivi?"

"Sisi akina nani?" nikafoka. "Makochi ya bibi yako si umeyarukia tangu unatambaa? Uongo mtupu huo!"

"Lakini ndivyo tulivyo kwenye kila filamu," akasema. "Mweusi ni mwizi, au mpagazi, au analia njaa. Haiwezekani wote wawe waongo."

Neno hilo linanichoma mpaka leo. Mtoto amelala nyumba ile, kala humo, kashiba humo, lakini picha ya mgeni imeyashinda macho yake mwenyewe. Tangu siku hiyo akakataa kwenda Kagoma. Kila likizo kisingizio: mara tumbo, mara masomo. Na mama kila wiki ananipigia, "Waitu, mwanangu, mjukuu wangu nimemkosea nini?" Nikawa namdanganya kwamba ni mitihani. Ningemwambiaje mama yangu, uzee ule, kwamba anaonewa aibu?

Mwisho mama akasema kama mtoto haji, atamfuata mwenyewe. Siku ya wazazi kutembelea wanafunzi tukaenda pamoja. Mama alivaa gauni lake la kanisani, akabeba ndizi alizopika alfajiri na senene, wale panzi wetu watamu, aliowakaanga kwa ajili ya mjukuu.

Binti yangu alikuwa amesimama na wenzake watatu. Alipotuona, uso ukambadilika. Mmoja wao akamtazama mama, akauliza, "Huyu bibi ni nani? Si yule wa kwenye..."

Binti yangu akamkatiza upesi. "Ni mama anayetusaidia kazi nyumbani."

Nikafungua kinywa nimporomoshee matusi mbele ya shule nzima, Mungu anisamehe, lakini mama akanibana mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Kisha akasogea mbele, akainama kidogo kama wanavyofanya watumishi, akamkabidhi mjukuu wake kile chakula. Hakusema Kihaya. Alisema Kiswahili, polepole, wenzake wote wasikie.

"Dada, bibi yako anakusalimu sana. Amesema ule, ushibe."

Binti yangu akapokea, macho chini. Akasema, "Asante, mama," wakaondoka.