Mkojo wa Mdogo Wangu Mbele ya Mkutano

Shule niliiacha darasa la pili, na nyumba hii ya mtaa wa Chemchem nimeijenga kwa matofali niliyoyachoma mwenyewe. Kwa hiyo asije mtu kunifundisha ugonjwa wa mdogo wangu. Nimeuona tangu yuko kwenye winda. Mama akizifua nguo zile kwa sabuni, badala ya kutakata zinageuka nyeusi kama zimechovywa wino. Baba na mama walikuwa binamu, na bibi alikuwa akisema damu ikijirudia hujikwaa.

Alikua vizuri tu, mrefu, kifua kama mlango wa boma. Mkojo wake ukikaa kwenye kopo unakuwa mweusi, tukazoea. Alipofika umri wa kuoa, masikio yakaingia rangi ya kiza. Halafu mgongo. Ulikakamaa kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, mpaka ukimwita kwa nyuma anageuka mwili mzima.

Daktari mmoja mtafiti akasikia habari zake, akawa anamjia kila kiangazi. Anampima mgongo kwa futi kama ya fundi cherehani, anapiga picha masikio, anachukua mkojo kwenye chupa. Akatueleza ni ugonjwa wa kurithi, wa nadra: kuna kitu kwenye chakula ambacho mwili unashindwa kukivunja, kinakwenda kujazana kwenye viungo. Nikamuuliza dawa.

"Hakuna, mzee wangu. Tunafuatilia tu unavyokwenda."

Unavyokwenda! Kama treni ya Mpanda.

Ujamaa ulipokuja, mdogo wangu alihamishiwa kijiji kipya upande wa Kaliua. Mimi nilikuwa huko nikijenga ghala la tumbaku. Akapangiwa jembe kwenye shamba la pamoja, mtu asiyeweza hata kuokota kiatu chake. Mwenyekiti wa kijiji akamwita kupe. Akasema asipolima, watoto wake hawatapata mgawo wa mahindi.

Daktari akaja na futi yake. Nikamwomba aende kwa mwenyekiti, aseme neno moja tu: huyu ni mgonjwa.

"Mzee wangu, mimi ni mtafiti. Mambo ya kijiji siyaingilii."

Miaka yote ile ameupima ule mgongo, kuusemea hawezi! Akafunga mkoba akaenda zake stesheni.

Mkutano ukaitishwa. Mwenyekiti akamsimamisha mdogo wangu katikati.

"Mwili wa ng'ombe, kazi ya kuku! Hebu inama tukuone."

"Siwezi, ndugu mwenyekiti."

Mtani wetu mmoja akapiga kelele, "Mwacheni jamani, huyo kameza mchi!" Watu wakaangua kicheko.

Nikainuka. Nikampa mdogo wangu chupa nyeupe, nikamwambia aende nyuma ya ghala akaijaze. Aliporudi, nikatia magadi ya kupikia maharage, maana yanafanya kazi kama ile sabuni ya mama, nikatikisa. Mkojo ukaingia weusi mbele ya macho yao, mpaka ukawa kama lami. Kicheko kikakatika.

"Huu ndio uvivu wake," nikasema. "Mwenye mkojo kama huu alete tulinganishe!"

Mwenyekiti akarudi nyuma hatua mbili. Jembe halikutajwa tena. Mdogo wangu akapewa kulinda ghala, na mahindi wakampa.

Lakini binadamu! Akifika kisimani, wanawake wanaondoa ndoo zao. Kwenye pombe, kata yake ya kunywea ikatengwa peke yake. Mtani yule yule akaacha hata kumtania, na mtu asiyetaniwa na mtani wake kwetu ni kama amekwisha kuzikwa. Wakasema ana uchawi tumboni.

Mdogo wangu akaniambia, "Kaka, nilipokuwa kupe nilikuwa nakula na wenzangu."

Sijuti, maana watoto wangekufa njaa. Lakini neno lile linanichoma mpaka leo. Nikampakia yeye na familia yake kwenye treni, nikawaleta hapa kwangu.

Kiangazi kilichofuata daktari akabisha hodi, mkoba mkononi, tabasamu pana. "Mgongo umefikia wapi?" Akatoa chupa. "Naomba kidogo tu, kama kawaida."

Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo wima kama ubao. Akamtazama.

"Kaombe kijijini, daktari. Kule mkojo wangu wanaujua wote."

Daktari akamwangalia yeye, akaniangalia mimi. Nikamfungulia mlango. Akaondoka na chupa tupu.

Shemeji akaleta maji, tukanawa, tukala sinia moja.