Viganja vya Jumwa

Mimi ni mwalimu wa sayansi na sipendi kufundishwa ndani ya darasa langu. Naanza na hilo ili ujue makosa yalianzia wapi. Siku Jumwa alipoingia mbio katika maabara yetu hapa Likoni, bila hodi, leso moja kiunoni na ya pili ikiburura chini, mkononi bado kashika mwiko wa kukaangia korosho, nilichoona mimi ni mtu aliyekuja kunivurugia kazi.

Kila mtu upande huu anamjua Jumwa. Anakaanga korosho uani kwake, anazibangua, kisha anazitembeza karibu na hoteli za Shelly Beach. Kwao ni ndani ndani kule Kilifi, ambako alianza kubangua na mamake akiwa na miaka tisa. Sasa ana hamsini na kitu, na ni mtu wa mzaha: ukikonda kidogo tu atakuuliza nani kakufungia jiko. Mzaha wake huisha mtoto anaposogelea maganda ya korosho. Hapo hupiga kelele hadi mtaa mzima ukasikia, na hachagui kama mtoto ni wake au wa jirani. Watu walisema anaficha ujuzi wa biashara yake. Nami nilisema hivyo hivyo, tena kwa kucheka.

Philister, mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, anaishi ukuta mmoja na Jumwa. Baba yake ni dereva wa lori, walihamia huku kutoka Siaya, na korosho kwao ni kitu cha kununua kwenye karatasi. Huyu binti ana macho. Aliona kwamba jioni Jumwa akichoma maganda, mbu hawakanyagi ua ule, na huku kwao watu wanajipiga makofi tu. Akaja kuniuliza: kama moshi wa maganda unawafukuza, je, mafuta yake? Nilifurahi nusura niruke. Tulikuwa tayari tunajaribu muarubaini, mchaichai na kivumbasi kama dawa za kufukuza mbu kwa mashindano ya sayansi ya kaunti, na kila shule ingeleta hayo hayo. Maganda ya korosho hakuna ambaye angeyaleta. Philister akaomba mfuko wa maganda, akasema ni ya mradi wa shule. Jumwa alidhani ni ya kuchoma, akampa. Mtoto akayatwanga, akayaloweka siku tatu ndani ya mafuta ya nazi, akayachuja. Mimi nilimsifu mbele ya darasa. Sikumwuliza mtu yeyote kitu.

Mbu tuliwafuga wenyewe kutokana na viluwiluwi, ndani ya sanduku la chandarua, ili wawe hawajauma mgonjwa. Siku ile ya Jumwa, saa nne asubuhi, tukapaka mikono. Clifford alipaka muarubaini, Dancun mafuta ya nazi matupu, wengine mchaichai na kivumbasi. Ya korosho tulipaka watu wawili, Philister na mimi. Kila mmoja aliingiza mkono sandukuni dakika tatu, wenzake wakihesabu. Mkono wa Dancun uliumwa mara kumi na saba. Yetu haikuguswa hata mara moja. Darasa zima likashangilia, na Philister kwa furaha akajipaka usoni, paji na mashavu, akasogeza uso kwenye chandarua kuwaonyesha wenzake mbu wanavyomkimbia. Nilimpiga picha kwa simu.

Hapo ndipo Jumwa alipoingia. Mamake Philister alikuwa ameenda kumshukuru kwa maganda, akamweleza yalivyotwangwa na kulowekwa, na kwamba leo watoto wanajipaka. Jumwa aliacha kikaango motoni.

"Mama, tuko darasani," nikamwambia.

"Shikamoo mama," watoto wakasema.

Hakuitikia, na Jumwa si mtu wa kuacha salamu. "Nani kapaka? Mwalimu, nambia, nani kapaka hayo mafuta?"

"Tulia, mama. Angalia." Nikamnyooshea mkono wangu. "Hauwashi wala hauchomi. Kungekuwa na tatizo tungeliona."

"Huwezi kuona leo. Hayachomi leo, mwalimu. Yanachoma kesho."

Nilicheka. Najuta hadi leo kicheko kile. Jumwa akaweka mwiko juu ya meza, akafungua viganja vyake mbele ya uso wangu. Vilikuwa vyeusi, vimekauka na kung'aa, na kwenye ncha za vidole hapakuwa na mstari hata mmoja. Alisema mafuta ya maganda ndiyo yaliyoifuta, na alipoenda kuchukua kitambulisho karani alimkandamiza vidole kwenye mashine mpaka akachoka, akamwuliza kama ana vidole kweli. Wakati huo huo Jumwa akamwona Philister, uso ukimeremeta kwa mafuta.

"Usijiguse macho!" alipiga ukelele ule ninaoujua kutoka uani kwake. "Mwanangu, usijiguse macho!"

Alimketisha kando ya beseni. Akamfuta kwanza kwa mafuta safi ya nazi na kitambaa, kisha sabuni, kisha maji, kisha sabuni tena, macho ya mtoto yamefumbwa. Alifanya hivyo mara tano au sita, na muda wote alikuwa akisema, si kwa sauti ya kutueleza sisi, zaidi kama mtu anayeungama. Alikuwa na mdogo wake, Munga. Siku moja Munga alilia, na Jumwa, mtoto wa miaka tisa, akamfuta machozi kwa mikono iliyotoka kubangua. Siku ile hapakuonekana kitu. Kesho yake uso ulivimba, na jicho la kushoto la Munga halijaona tangu siku hiyo.

"Malengelenge huanza chini ya ngozi," alisema. "Kama chenga za mchele. Mkono huzijua kabla ya macho. Ukizikuta, basi."

Nilimpeleka Philister zahanati na mamake akatukuta huko. Muuguzi akasema ameoshwa vizuri, akampa dawa ya kupaka, akasema turudi haraka kukitokea lolote, mengine ni kusubiri. Na mimi? Mimi niliosha mkono wangu mara moja tu, juu juu. Nilijiambia nataka kuona matokeo. Ukweli ni kwamba nilikuwa bado nabishana na Jumwa moyoni.

Alfajiri niliamshwa na mwasho. Kutoka kifundo hadi kiwiko ngozi ilikuwa nyekundu, imejaa malengelenge kama mtu aliyemwagikiwa uji wa moto. Nilikaa kitandani nikautazama ule mkono, na sikuwaza maumivu hata kidogo. Niliwaza uso wa mtoto wa watu. Niliwaza ile picha ndani ya simu yangu, nikaogopa kuifungua.

Saa moja na nusu Jumwa alikuwa tayari ameketi langoni, kwenye benchi la mlinzi. Aliona mkono niliokuwa nimeufunga bandeji, akageukia barabara; afadhali angenitukana. Kengele ikalia, wanafunzi wakajipanga, Philister hayupo. Nikapiga simu kwa mamake, haishikwi. Nikapiga tena. Jumwa alikuwa amejikunja, viganja amevibana katikati ya magoti, midomo ikitikisika kwa sala. Nikapiga mara ya tatu. Nilikuwa naogopa mno.

Saa mbili na robo tukamwona anakuja, mamake kamshika mkono, leso imemfunika kichwa hadi puani. Mama mtu akasema wamechelewa kwa sababu alimwosha tena, na tena, hakuamini. Akaivuta ile leso.

Macho yalikuwa mazima. Uso ulikuwa mkavu, umepauka kwa sabuni.

Jumwa alimwita asogee. Akampitishia vidole shavuni, taratibu, kutoka chini ya jicho hadi kidevuni, mara moja, mara ya pili. Kisha akanigeukia, na hofu ilikuwa bado pale pale.

"Mwalimu, hebu mguse wewe. Vidole vyangu havisikii kitu. Vilikufa zamani."

Nikamgusa. "Ni laini, mama," nikasema. "Hakuna kitu. Ni laini kabisa."

Jumwa akanitazama, akautazama mkono wangu uliofungwa bandeji. Hakuniamini. Akainuka kwenye benchi, akalaza shavu lake juu ya shavu la Philister, akafumba macho.