Mama Mbele ya Sanamu ya Mfaransa

Karibu na kwangu kuna karakana ya kuchapa fulana. Kila nikipita hapo, harufu ya wino hunirudisha kwenye jumba la sanaa la Toronto, siku mama alipolisindikiza darasa letu. Nilikuwa nimemwomba asizungumze na mtu, maana nilikionea haya Kiswahili chake.

Tulisimama mbele ya sanamu iliyotengenezwa na msanii Mfaransa: vibao vya plastiki angavu, kimoja nyuma ya kingine, vimejaa miraba ya buluu na nyekundu isiyofanana na kitu chochote. Mwongozaji wa jumba akauliza rangi ile iliwekwaje. Tukasema kwa brashi.

Mama, aliyewahi kuchapa kanga kiwandani Dar es Salaam, akaninong'oneza, "Imechapwa kwa wavu. Waambie."

Nikatikisa kichwa. Basi akanyoosha mkono mwenyewe, akaeleza kwa Kiswahili mbele ya darasa zima jinsi wino unavyosukumwa kupitia matundu ya wavu, huku mikono yake ikivuta rangi hewani.

"Anasemaje?" mwongozaji akaniuliza.

Nikatafsiri kwa sauti ndogo.

"Ni kweli kabisa," akasema.

Wenzangu wakasogea. Mama akaonyesha mahali buluu ilipoipanda nyekundu kidogo. "Hapa wavu ulisogea." Mwongozaji akainama, akatazama, akacheka; hakuwahi kuliona kosa lile.

Maswali yakamiminika. Mimi, niliyezoea kumjibu mama kwa Kiingereza hata nyumbani, nikawa natafsiri kabla hajamaliza sentensi. Neno moja likanipita. Nikamgeukia, nikasema kwa Kiswahili, wote wakisikia, "Mama, hebu rudia."