Mwakilishi Wetu Waislamu Anaimba Kwaya

Leo Waislamu wa Durban tumepata mwakilishi. Ni Mkatoliki.

Chama kimoja kiliitisha mkutano hapa Greyville, eti wa kuwasikiliza vijana wa Kiislamu. Wakaupanga Ijumaa, saa saba mchana.

Ijumaa! Saa saba! Hata muuza nyanya wa kona anajua saa hiyo tuko wapi.

Tumeswali, tumekimbia, tunafika mgombea wao anafunga mkutano: "Vijana wa Kiislamu hawajali siasa. Lakini tunamshukuru dada huyu jasiri aliyekuja."

Dada jasiri mwenyewe ni Claudine, jirani yangu Mrundi, sauti ya kwanza kwenye kwaya ya parokia. Kajifunga kitambaa kichwani kwa sababu hajasuka. Alifuata sambusa.

Eish. Wamemkalisha mbele, wamempiga picha, na tayari iko kwenye ukurasa wao.

Nikamvuta pembeni. "Mbona hukuwaambia?"

"Kaka, nilibaambia niko Mkatoliki. Bakanishika mkono, bakasema nisiogope, hapa niko salama."

Haya. Jumapili nami naenda kwenye kwaya kuwawakilisha Wakatoliki, na kofia yangu ya swala kichwani.

Nani ananisindikiza? Usiogope.