Pua ya Beryl Tunnicliffe

Beryl Tunnicliffe hakuwa mtu wa kuibembeleza bia. Kwa miaka ishirini na tisa alionja bia ya rangi ya kaharabu ya kiwanda chetu hapa Burton, Uingereza, kila siku saa tano asubuhi, na akiandika "mwaga", ilimwagwa, hata kama meneja ameshaalika wageni. Alikuwa mjane, mfupi, miwani kaifunga kwa kamba ya kiatu. Nilikaa mkabala naye miaka kumi na moja na bado nilimwogopa.

Januari tulimzika Clement Orme, aliyekaa kushoto kwake. Chumba chetu cha kuonjea kina desturi yake: mwonjaji akifa, glasi yake huendelea kumiminiwa bia mpaka apatikane wa kukalia kiti. Siku ya pili baada ya mazishi, glasi ya Clement ilipungua funda moja. Pete ya povu ilibaki juu, pale bia ilipoanzia.

"Norman, we mlafi!" Beryl akanivaa. "Hata ya marehemu?"

"Haki ya Mungu sijaigusa!"

Nani angeniamini? Uchu wangu unajulikana. Kesho yake nikaikalia mikono yangu yote miwili. Glasi ikapungua tena, mbele ya macho yetu, na utani ukaishia hapo. Baadaye tulizoea, kama mtu anavyozoea ngazi inayolia. Ila siku bia ilipokuwa mbovu, Clement hakuionja.

Februari Beryl aliugua homa. Aliporudi, tuliletewa bia iliyotoka tu kwenye pipa, ile inayotoa harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi, maana ndivyo yalivyo maji ya visima vyetu. Hata mtoto angeinusa. Nikamwona Beryl akiandika: "Haina harufu." Niliichana karatasi ile kabla meneja hajaiona, nikamfuata kwenye ngazi.

"Beryl, pua yako imekufa?"

Akanishika mkono, kucha zikaniuma. "Usinisemee, Norman. Nikitoka hapa niende wapi? Nikapige soga na paka?"

Siri yake nikaitunza. Tangu siku hiyo aliitazama kwanza glasi ya Clement, ndipo akaandika. Hakukosea hata mara moja. Aliyekosa usingizi ni mimi.

Alhamisi moja ya Aprili ikaletwa bia ya mapipa sitini. Nzuri, jamani: kimea kitamu kama biskuti, ganda la chungwa kwa mbali, kisha uchungu safi kooni. Sisi wengine tuliipitisha. Glasi ya Clement ilikuwa imejaa pomoni. Beryl akaandika "mwaga".

Meneja wetu, Hadfield, akaiva uso. "Mapipa sitini, mama! Umenusa nini?"

Alikuwa na maneno tele ya kujibu, anayajua kwa moyo: siki, kadibodi iliyolowa, sarafu za shaba. Angetaja moja tu, kiti kingebaki chake. Nilimwomba moyoni adanganye.

"Sijanusa kitu," akasema. "Sinusi tangu Februari. Ila Clement hajainywa."

Hadfield akamwondolea kalamu mkononi taratibu. "Nenda nyumbani, Beryl. Pole sana." Kisha, ili aumalize upuuzi huo, akainyanyua glasi ya Clement akainywa. Nilikuwa karibu naye. Nililiona koo lake likipanda na kushuka mara tatu. Alipoiweka mezani, ilikuwa imejaa vile vile.

Akajipapasa mdomo. Midomo yake ilikuwa mikavu, haina hata tone la bia.

"Mwageni yote," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini, "Beryl, kaa. Tafadhali."

Beryl alikuwa ameshavaa koti. "Miezi miwili maiti ananifanyia kazi," akasema. "Mwacheni naye apumzike."

Nilitaka kumsindikiza, nikaishia mlangoni, na aibu yake ninayo hadi leo. Ngazi zetu ni pana, watu wanne wanapita sambamba. Beryl alishuka akiwa amejibana ukutani, kama unavyomwachia nafasi mtu mnayetembea naye bega kwa bega.