Bawa Lililofungwa Kamba

Asubuhi za Kiwalani zilinuka mafuta ya ndege. Harufu iliingia hadi kwenye chai, na ndege ilipopita juu ya bati letu mama alinyamaza katikati ya neno, akasubiri, kisha akaendelea alipokomea. Baba hakunyamaza, alitazama juu na kumkosoa rubani. Alikuwa mwalimu wa urubani mpaka macho yalipomwangusha kwenye vipimo vya afya, akazuiwa kuruka. Mfa maji haachi kutapatapa. Msimu ule wa mgao wa umeme, nikiwa darasa la nne, alishika kazi iliyowachekesha wenzake: kufundisha watu kurusha tiara.

Haikuwa tiara ya mfuko wa rambo. Lilikuwa bawa kubwa lisilo na rubani, limefungwa kamba ndefu iliyozungushwa kwenye winchi, katika uwanja wa wazi mbele ya Mbagala. Upepo ulilibeba bawa, kamba ikavutika, winchi ikazunguka na kuzalisha umeme. Kisha kamba ilirudishwa na kazi ikaanza upya. Aliyeliongoza alisimama chini na rimoti. Baba alinichukua kila likizo, nami nilikaa juu ya ndoo nikimtazama akimtesa mwanafunzi wake Siwema.

Siwema alitoka Songea, akiwa ameacha kazi ya ualimu kwa ajili ya bawa lile. Aliahidiwa kwamba akilirusha vizuri mbele ya wafadhili ataajiriwa moja kwa moja. Baba alimpiga vidole kwa rula, akamwita gunzi, akasema samaki mkunje angali mbichi. Sheria yake kubwa aliitoa kwenye ndege: anayepokea usukani lazima atamke, "Nimeshika." Asipotamka, mwenye dhamana ni yule wa kwanza. Siku moja Siwema alisahau kutamka, akasimamishwa juani mpaka midomo ikapauka. Wafanyakazi walicheka. Hata mie nilicheka, kwa sababu baba alicheka.

Siku ya wafadhili Siwema alilirusha bawa vizuri mno, na nadhani hilo ndilo lililomuuma baba. Upepo ulipopungua bawa likashuka kidogo. Dawa yake ilikuwa kuvuta kamba kwa winchi, na kidole cha Siwema kilikuwa tayari kwenye kitufe. Baba akampokonya rimoti bila neno. Mkono wake ukafanya ulichofundisha maisha yote kwa ndege inayoishiwa mwendo: ukashusha pua.

"Vuta kamba, mwalimu! Vuta!" Siwema alipiga kelele.

Bawa likajichimbia kwenye mihogo kando ya uwanja, likavunjika. Wafadhili wakauliza nani alikuwa analiongoza.

"Kuna aliyenisikia nikisema nimeshika?" baba aliuliza, akiwatazama wafanyakazi mmoja mmoja. "Basi alikuwa ameshika yeye."

"Lakini baba, rimoti si unayo wewe?" nilisema.

Akacheka, akanifinya shavu hadi machozi yakanitoka, na wafanyakazi wakacheka naye. Siwema alifukuzwa pale pale. Alivua kofia ya kazi, akaitundika kwenye winchi, akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani. Nilimchukia baba siku ile, na sijamaliza.

Leo uwanja ule umejaa nyumba, na umeme wake unatoka kwenye nguzo. Watoto wangu hawajui mgao. Baba haoni tena. Namshika mkono kumpeleka chooni, na anawachekesha wajukuu kwa kisa cha binti mmoja mzembe aliyemvunjia bawa. Nilishawaeleza ukweli. Wanampenda babu yao, kwa hiyo kisa chake ndicho wanachokitaka.

Mwezi uliopita nilimkuta Siwema Mabibo, ana genge la nyanya. Nilimjua mimi kwanza. Nilimwamkia, nikajitambulisha, nikasubiri anitukane. Alinifutia kiti.

"Mwalimu yupo? Mpe shikamoo yake," alisema. "Mwambie Siwema wa kwenye bawa anamsalimia."

Nilifika nyumbani nikamwambia baba vilevile, neno kwa neno. Aligeuza uso upande wa sauti yangu.

"Siwema yupi?" akauliza.