Gidoni Iliyonyooshwa Kila Yenga

Kinga yangu haipandwi. Watu wakiona mwanamke muzee anasukuma baiskeli wanauliza kwa nini sikai juu yake. Ni ya kubeba samaki, tena ni fimbo yangu: mikono miwili kwenye gidoni, kifua mbele, mgongo unapinda unavyotaka, miguu inafuata. Hivyo ndivyo ninaenda sokoni tangu goti la kuume lilipoanza kunikatalia.

Samaki yangu ni ya Tchomia, kule ziwani, ya moshi. Inapanda na lori, mimi naipokea asubuhi na kuifunga: kitunga kimoja nyuma, kingine kinaning'inia kwenye gidoni upande wa kushoto, maana upande wa kuume ndio ninaegemea. Basi lile bomba la gidoni likapinda, kushoto likashuka kama sikio la mbuzi. Mimi halikunisumbua. Mkono ulijifunza.

Aliyesumbuka ni mtoto wangu wa kwanza, mwenye kuuza simenti na mabati. Kila siku ya yenga akitoka kusali anakuja kunisalimia, anakula, halafu anavua koti, anachomeka kipande cha bomba la maji kwenye gidoni na kuvuta mpaka imenyooka. Majirani wanasema mama huyu alizaa. Kabla juma haijaisha imeshuka tena, na yenga inayofuata ananyoosha tena.

Alitaka kuninyoosha na mimi. Mama, mgongo. Mama, kaa kwanza. Mama, umechoka. Kwetu neno hilo si dogo. Nguo ikichoka, inakuwa ya kupangusa chini. Sufuria ikichoka, inatiliwa maji ya kuku. Mwisho, mbele ya mke wake, tukapatana: siku kinga ikikufa, nami nitabaki nyumbani. Niliitika haraka, kwa kuwa niliamini kinga ile itatuzika siye wote.

Gidoni ikakatika. Asubuhi, kwenye mteremko wa Mudzipela, pahali hapana shimo wala jiwe. Kipande cha kushoto kilienda na kitunga, na mimi nikaenda na kitunga. Waliokuwa njiani waliniinua, wakaniokotea samaki. Majina yao yote ninayo, hata la yule ambaye samaki moja ilimwingia mfukoni. Siyaandiki. Wanajijua.

Jioni mtoto wangu akafika na mke wake, uso wa huruma tayari.

"Mama, tulisemaje?"

"Tulisema kinga ikikufa."

"Na haikukufa?"

"Iliuawa."

Nikaweka kile kipande juu ya mukeka. Mchana mzima nilikuwa nimelaza goti, sina kazi, nikikiangalia. Mahali kilipokatikia palikuwa na rangi mbili. Upande mmoja ulikuwa mweusi, kutu ya zamani na mafuta ya samaki yameingia ndani. Upande mwingine uling'aa kama jino. Nikamwambia: leo imekatika hapa tu, panapong'aa. Hapa peusi ilianza kupasuka zamani, kidogo kidogo, na siye tulikuwa tunakula wali.

Akasema ni uzito wa samaki. Sikubishana. Nilitoa kipande cha waya kwenye mfuniko wa kitunga nikamupa. Hapa Bunia, asiye na koleo anajua namna ya kukata waya.

"Kunja."

Akakunja. Nikaichukua, nikaipachika ukutani, nikatundika samaki. Waya imepinda, samaki imekaa. Nikamurudishia.

"Sasa nyoosha. Kunja. Nyoosha. Weye unajua, ni kazi yako ya kila yenga."

Akafanya kwa hasira. Mara akaitupa na kuweka vidole mdomoni, maana ilikuwa imepata moto. Nikasema aendelee. Ikakatika mikononi mwake bila sauti. Mke wake akaficha mdomo kwenye kitenge, lakini maneno yalimponyoka: "Papa ya batoto, kumbe fundi wa kuvunja ni weye."

Mtoto wangu akasema na barabara je, mashimo yote yale? Sikatai, barabara nayo ina mkono wake. Kitunga kinaruka, bomba linapinda kidogo, linarudi, linapinda. Lakini barabara haikusema kamwe kwamba inanipenda.

"Mgongo wangu umepinda," nikamwambia. "Uache upinde. Ukinilaza niunyooshe, kesho niinuke ukunjike, kesho kutwa unilaze tena, hapo ndipo utanikata. Kinga ilichoka juu ya kunyooshwa. Mimi sijachoka."

Mke wake akauliza samaki zilizookotwa ziko wapi, azipangushe mchanga, tukala.

Gidoni nyingine ilifungwa na fundi wa njiapanda. Kitunga cha mbele nilikipunguza, sikukiondoa. Nilirudi sokoni goti likiwa bado na bendeji, na wenzangu wa meza ya samaki walikuwa wamekwisha kusogeza bidhaa zao mahali pangu. Walisogea tena.

Yenga moja mtoto wangu akaja, akala, akavua koti. Ni mazoea. Akasimama mbele ya kinga.

"Mama, kushoto imeanza kushuka."

"Nimeiona."

Akazunguka nyumba akitafuta bomba lake la maji. Nilikuwa nimelishika mkononi, nimeinama jikoni, ninapuliza moto nalo. Lilikuwa limenyooka vizuri sana. Akalitazama, akanitazama, akavaa koti.